Tano Mara Nne



Wapendwa waamini, kengele ya kanisa ikilia saa ambayo si ya Misa wala ya sala ya Malaika wa Bwana, hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. Anayelima husimama na jembe mkononi, anayepika huacha chungu na kutoka uani, na swali ni moja tu: ni nani? Sisi tuliokabidhiwa parokia huulizwa swali hilo kabla kamba ya kengele haijaachwa kutikisika. Kengele haijataja jina la mtu, lakini imekwisha kuwakusanya watu.

Katika tafakari ya juma hili tungependa kuwasimulia habari za kengele nyingine, ya mbali, ambayo haipigwi na mtumishi wa kanisa bali na askari wa zimamoto wa Jiji la New York, kule Marekani. Tarehe 11 Septemba hutajwa kila mwaka kama siku ya vita na siasa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kisa kimoja cha siku ile kilianzia altareni, siku moja kabla, ndani ya kituo cha zimamoto, ambako watu walikuwa wamekusanyika kuwaheshimu wazimamoto wao. Lakini ili tuielewe ibada hiyo, hatuna budi kwanza kuielewa kengele.

New York ya kale ilikuwa mji wa mbao na mishumaa, nao uliungua mara kwa mara. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1835 baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maji yaliganda ndani ya mipira ya kuzimia moto, na mamia ya majengo yakateketea huku wenye kujitolea wakitazama. Baada ya hapo jiji lilijenga minara. Juu ya kila mnara alikaa mlinzi, na alipoona moshi aliigonga kengele kwa hesabu, kila mtaa ukiwa na idadi yake ya milio. Mnara mmoja wa namna hiyo, wa chuma, uliojengwa miaka ya 1850, umesimama hata leo juu ya mlima mdogo katika mtaa wa Harlem. Kisha ikaja telegrafu. Boston ulikuwa mji wa kwanza kuitumia kutangazia moto, mwaka 1852, na New York ikafuata baadaye. Mtu alivuta kijiti ndani ya kisanduku cha mtaani, na kengele ndogo ndani ya kila kituo cha zimamoto ikagonga namba ya kisanduku hicho. Askari aliyelala ghorofani alihesabu milio gizani, akajua ni mtaa upi unaoungua.

Mwaka 1865 jiji liliacha kuwategemea wenye kujitolea, likaunda kikosi cha watu wa mshahara. Milio ya kengele ikawa lugha yao ya kazi. Katika lugha hiyo palikuwa na neno moja ambalo halikumwita mtu yeyote kwenda kuzima moto: milio mitano, kimya, mitano, kimya, mitano, kimya, mitano. Maana yake, shusheni bendera nusu mlingoti, mwenzenu mmoja amefariki kazini. Telegrafu imepitwa na wakati, zikaja simu, redio na kompyuta, lakini ishara hiyo ya tano mara nne haikuondolewa. Katika mazishi ya mzimamoto, na katika kumbukumbu za kila mwaka, bado inagongwa kwa mkono.

Tukumbuke kwamba heshima hii haikuanza na mnara mkubwa wala na maafa makubwa. Mwezi Februari 1908 naibu mkuu mmoja wa kikosi, Charles Kruger, aliingia katika jengo lililokuwa likiungua katika Mtaa wa Canal, akatumbukia katika ghala la chini lililojaa maji, akafa. Askofu wa Kanisa la Episkopali, Henry Codman Potter, aliwahimiza wakazi wajenge kumbukumbu ya watu wa namna hii. Yeye mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Ilichukua miaka mitano, kwa michango ya watu na fedha za jiji, na mnara ukazinduliwa tarehe 5 Septemba 1913, katika bustani iliyo kando ya Mto Hudson. Una sanamu za pande mbili: upande mmoja umepewa jina Wajibu, upande wa pili Sadaka. Jambo lililotugusa zaidi ni bamba la shaba lililoongezwa pale mwaka 1927 kwa ajili ya farasi. Naam, farasi. Kikosi kilikuwa kimeacha kuwatumia tangu Desemba 1922, magari yakachukua nafasi yao, na bado kuna waliosema kwamba hata wanyama waliokimbia kuelekea moto wasisahauliwe. Wanaotushangaa tunapobariki mifugo kwenye sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wangelisoma bamba lile.

Tuje sasa kwenye ibada yenyewe. Tarehe 10 Septemba 2001, siku ya Jumatatu, kituo kimoja cha zimamoto katika eneo la Bronx, kituo cha gari la maji namba 73 na gari la ngazi namba 42, kilikuwa kimekwisha kukarabatiwa, nacho kiliwekwa wakfu upya kwa Misa. Wazee waliostaafu walikuja na wajane walikuja. Magari yalitolewa nje, altare ikawekwa mahali magari yanapokaa. Aliyeadhimisha alikuwa Padre Mychal Judge, Mfransisko wa Shirika la Ndugu Wadogo, kapelani wa kikosi kizima tangu mwaka 1992. Mahubiri yake yamehifadhiwa, na hayakuwa marefu. Kwa maneno yetu wenyewe, aliwaambia hivi: mnaamka kila siku bila kujua Mungu anawaita kwenda wapi, siku njema mnakwenda, siku mbaya mnakwenda, mnapanda gari hamjui litawafikisha kwenye nini, iwe ni jambo dogo au ni jambo la kutisha, lakini mkikaa pamoja, mkipendana, mnafanya kazi ya Mungu. Wengine waliokuwepo, baada ya kupita kesho yake, walidai kwamba alitabiri. Sisi hatuoni utabiri hapo. Tunaona padre aliyewajua watu wake. Angeweza kuyasema maneno yale mwaka wowote, yangekuwa kweli.

Alikuwa nani mtu huyu? Alizaliwa Brooklyn tarehe 11 Mei 1933, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland. Baba yake alifariki baada ya ugonjwa wa muda mrefu yeye akiwa na miaka sita. Ili kumsaidia mama yake, mtoto yule alikwenda kung'arisha viatu karibu na stesheni kubwa ya treni ya jiji, na alipochoka aliingia katika Kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi lililo jirani. Humo ndimo alimowaona kwa mara ya kwanza watawa wenye kanzu za kahawia na mkanda wa kamba, akasema ndani ya moyo wake kwamba hilo ndilo analolitaka. Alipadrishwa mwaka 1961. Mwaka 1978, baada ya kusumbuliwa na ulevi, aliacha pombe kwa msaada wa wenzake wenye tatizo hilohilo, na tangu siku hiyo hakuona haya kulisema. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa tunafahamu ni wangapi katika jumuiya zetu ndogondogo wanaoficha chupa, na ni wangapi wanaodhani kwamba Mungu hana kazi na mtu aliyewahi kuanguka. Miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa mgeni na wagonjwa wakikimbiwa hata na ndugu zao, yeye alikwenda hospitalini, akawapaka mafuta miguu yao na kukaa nao. Mwaka 1996, ndege ya abiria ilipolipuka na kuanguka baharini karibu na New York, alikwenda siku baada ya siku kuwafariji wafiwa kwenye hoteli walikokuwa wakingojea habari za wapendwa wao.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11, mtawa mwenzake alikuja mbio chumbani kwake na kumwambia kwamba ndege imegonga mnara, huenda wakamhitaji. Alivua kanzu ya kitawa, akavaa sare ya zimamoto. Na alichana nywele zake. Rafiki yake aliyehubiri kwenye mazishi hakulificha hilo: hata siku ile alisimama mbele ya kioo, maana alipenda kuonekana nadhifu. Tunamshukuru mhubiri kwa kulisema. Watakatifu wa kwenye picha hawana kitana.

Ndege ya kwanza iligonga mnara wa kaskazini saa 2:46 asubuhi kwa saa za kule, na ya pili mnara wa kusini saa 3:03. Padre Mychal aliingia katika ukumbi wa chini wa mnara wa kaskazini, ambako wakuu wa zimamoto walikuwa wameweka kituo cha kuongozea kazi. Mpigapicha kijana kutoka Ufaransa, Jules Naudet, ambaye yeye na ndugu yake walikuwa wakitengeneza filamu kuhusu maisha ya kituo kimoja cha zimamoto, alikuwamo humo na kamera yake. Kwa hiyo tunamwona. Anatembea huku na huku, midomo inacheza, uso umekuwa mzito. Anasali. Nje, watu waliokosa pa kukimbilia walikuwa wakianguka kutoka juu, na kila kishindo kilisikika ndani ya ukumbi.

Katika ukumbi huohuo alisimama Joseph Pfeifer, mkuu wa kwanza wa zimamoto kufika siku ile. Mdogo wake Kevin, luteni wa kikosi kingine, alikuja kuripoti. Ndugu wawili wakatazamana kwa muda mfupi, mkubwa akamwambia mdogo apande, na mdogo akageuka na watu wake akaelekea ngazini. Hawakuonana tena. Tumeutafakari mara nyingi mtazamo ule. Ibrahimu aliongozana na mwanawe siku tatu kwenda mlimani. Hawa hawakupata hata dakika moja.

Saa 3:59 mnara wa kusini uliporomoka, na vifusi vikapasua vioo na kuingia katika ukumbi wa mnara wa kaskazini kwa nguvu ya tufani. Giza lilipopungua, mmoja wao alijikwaa kwenye mwili sakafuni. Walimulika tochi, wakaona ukosi wa kipadre.

Hapa inatupasa tusahihishe jambo, kwa kuwa historia ina haki zake. Imesimuliwa sana, na huenda hata ninyi mmewahi kuisikia katika mafungo, kwamba Padre Mychal alikufa barabarani alipovua kofia yake ya chuma ili kumpa mzimamoto aliyekuwa akifa sakramenti ya mpako wa wagonjwa, na kwamba kifusi kilimpiga akiwa amepiga magoti. Ni picha nzuri, lakini sivyo ilivyokuwa. Alifia ukumbini, kamera ikiwa imewashwa hatua chache kutoka kwake. Vilevile huitwa mtu wa kwanza kufa siku ile, kwa sababu cheti chake cha kifo kilipewa namba 0001. Hakuwa wa kwanza kufa. Mwili wake ulikuwa wa kwanza kuandikishwa. Tunajua kwa nini watu waliipamba habari. Walitaka afe akifanya jambo linaloonekana. Lakini yeye alikufa amesimama na watu wake, akisali, hana la kufanya zaidi ya kuwepo. Sisi mapadre tunaoitwa usiku kando ya kitanda cha mgonjwa, tukafika na kukuta hakuna tena neno la kusema, tunaijua kazi hiyo, nayo ni ngumu kuliko ile ya kwenye hadithi.

Watu watano walimbeba nje akiwa ameketishwa kwenye kiti. Mpigapicha Shannon Stapleton wa shirika la habari la Reuters aliwapiga picha, kichwa cha padre kimeinama upande, vumbi limewafunika wote, na dunia nzima ikaiona. Walimpeleka katika Kanisa la Mtakatifu Petro, hatua chache kutoka pale, wakamlaza mbele ya altare, wakamfunika kwa shuka, wakaweka stola na beji yake juu ya kifua. Kanisa hilo si kanisa la kawaida. Ndiyo parokia kongwe kuliko zote za Kikatoliki katika New York, iliyoanzishwa mwaka 1785. Humo alipokelewa katika Kanisa Katoliki Mtakatifu Elizabeth Ann Seton, mwaka 1805. Humo pia alisali kila siku, kwa miaka zaidi ya sitini, Pierre Toussaint, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa Haiti, aliyewauguza wagonjwa wa homa ya manjano wakati wenye mali walipoukimbia mji, na ambaye mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alizitambua fadhila zake za kishujaa. Waliombeba padre hawakufikiria historia hiyo. Walitafuta altare iliyo karibu.

Mazishi yalifanyika Jumamosi tarehe 15 Septemba, kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Mateso, katika kanisa lilelile alimoingia mtoto mwenye viatu vya watu mkononi. Kardinali Edward Egan aliongoza ibada. Kofia yake ya zimamoto baadaye ilipelekwa Roma kwa Papa.

Siku ile walikufa watu 343 wa kikosi cha zimamoto cha New York, yeye akiwemo. Ili mwone ukubwa wa namba hiyo: kabla yake, tukio lililoua wazimamoto wengi zaidi katika historia ya kikosi lilikuwa la tarehe 17 Oktoba 1966, sakafu ya jengo moja ilipodidimia na kuwameza 12. Na katika miaka 136, tangu 1865, kikosi kilikuwa kimepoteza watu wasiofika 800 kwa jumla. Asubuhi moja ikachukua karibu nusu ya idadi ya karne na zaidi. Kengele ya tano mara nne ikagongwa wiki baada ya wiki, mazishi mawili, matatu, manne kwa siku. Walioopolewa wazima walizika, kisha wakarudi kuchimba. Wa mwisho kati ya wale 343 aliagwa Septemba 2003. Mwili haukupatikana. Katika jeneza lake familia iliweka chupa ndogo ya damu, ambayo enzi za uhai wake aliitoa ili apimwe kama angeweza kumchangia uboho mgonjwa asiyemjua.

Habari hizi zilifika hata kwetu, na zilipokelewa kwa namna ambayo haifai isahauliwe. Nchini Kenya, katika kijiji cha Enoosaen cha Wamaasai, kijana Kimeli Naiyomah, aliyekuwa akisoma Marekani na aliyekuwepo New York siku ya maafa, alirudi nyumbani mwaka 2002 na kuwasimulia wazee aliyoyaona. Hawakutunga hotuba. Walimwita mwakilishi wa ubalozi wa Marekani mwezi Juni mwaka huo, wakamkabidhi ng'ombe 14. Wapo waliocheka, wakauliza ng'ombe watafika vipi New York. Hawakusafirishwa, walibaki kutunzwa na wazee walewale, wakazaana. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki, ambao wiki chache zilizopita tulikuwa tumewakumbuka tena marehemu wa mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, zaidi ya 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam, tunaelewa kilichotendeka pale. Ile ilikuwa rambirambi. Huendi msibani mikono mitupu ukatoa maneno peke yake, kwa sababu mwenye msiba atakula nini wageni wakiondoka?

Na hapa ndipo kisa kinapotuumiza. Maana katika miaka ileile ambayo wazimamoto wa New York walipigiwa makofi kila walikopita, wakaalikwa viwanjani na kwenye mabaraza, wakaitwa mashujaa na kila mwenye kipaza sauti, walikuwa wakikohoa. Kwa miezi walichimba vifusi katika vumbi la saruji, vioo, asbesto na madini yenye sumu. Wiki moja tu baada ya shambulio, wakuu wa serikali wanaohusika na mazingira waliutangazia umma kwamba hewa ni salama kuvuta. Haikuwa salama. Wakaanza kufa kwa magonjwa ya mapafu na kansa, mmoja mmoja, vitandani mwao, bila kamera. Walipoomba matibabu na fidia waliambiwa walete ushahidi kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Sheria ya kuwahudumia, yenye jina la askari polisi James Zadroga aliyefariki mwaka 2006, ilitiwa saini tarehe 2 Januari 2011, zaidi ya miaka tisa baada ya tukio. Hata hivyo fedha zake zilikuwa za muda, na wagonjwa iliwabidi warudi tena na tena katika Bunge la Marekani, wengine kwa viti vya magurudumu. Tarehe 11 Juni 2019 mchekeshaji Jon Stewart, ambaye siku hiyo hakuchekesha, aliwakemea wabunge akiwaonyesha viti vitupu vya wajumbe wasiohudhuria kuwasikiliza watu hao. Mwezi uliofuata mfuko wa fidia uliongezewa muda hadi mwaka 2092.

Mwezi Septemba 2023 kikosi kilitangaza kwamba waliokufa kwa magonjwa yaliyotokana na vumbi lile wamefika 343, sawasawa na waliokufa siku yenyewe. Tangu hapo wamezidi. Kila Septemba majina mapya huongezwa kwenye ukuta wa makao makuu yao, Brooklyn. Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 2023 alifariki kwa kansa Monsinyori John Delendick wa Jimbo la Brooklyn, kapelani wa zimamoto tangu 1996, mwenzake Padre Mychal. Siku ya maafa alinusurika. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba akikimbia wingu la vumbi, askari polisi mmoja aliyekimbia kando yake alimwomba amwungamishe, naye, alipoona hakuna nafasi, akawapa ondoleo la jumla wote waliokuwa pale. Akaishi miaka 22 zaidi akizika wenzake, kisha vumbi lilelile likamfikia.

Basi, tuseme nini kuhusu sherehe za kuwaheshimu watu hawa? Wako wanaosema ni unafiki mtupu: tarumbeta, gwaride na nishani, kisha redio mbovu. Na ni kweli kwamba redio za wazimamoto hazikufanya kazi ipasavyo ndani ya minara ile, tatizo ambalo lilikwisha kuonekana katika majengo hayohayo tangu bomu la tarehe 26 Februari 1993. Ni kweli pia kwamba nasi huku tumezoea kuwacheka watu wa zimamoto kwamba wanafika bila maji, tusiulize ni nani aliyewapa gari bovu na akawanyima mabomba mitaani. Hata hivyo hatukubaliani na wanaozibeza sherehe. Wagonjwa wale walipokwenda Bungeni walivaa sare zao za sherehe. Walitaja majina yaliyokuwa yamesomwa kwenye ibada, mwaka baada ya mwaka, mbele ya wakubwa haohao. Aliyewahi kusimama na kofia mkononi huku kengele ikigongwa hakuweza tena kusema hawajui. Askofu Potter mwaka 1908 hakuomba jiwe ili wafu wafurahi. Aliona kwamba jiji lisiloandika majina litawazoea wanaokufa.

Baadhi yenu mtatuuliza kama Padre Mychal ni mtakatifu. Kanisa halijamtangaza, na shirika lake halikuanzisha mchakato huo. Tunajua tu kwamba tarehe 11 Julai 2017 Papa Fransisko alitoa barua juu ya wale wanaoyatoa maisha yao kwa hiari kwa ajili ya wengine, akifungua kwao njia ya pekee, tofauti na ile ya wafiadini. Barua hiyo ilichukua jina lake kutoka sura ya 15 ya Injili ya Yohane, aya ambayo imesomwa kwenye mazishi ya wazimamoto wengi sana.

Padre Mychal alikuwa na rafiki, askari polisi Steven McDonald, ambaye mwaka 1986 alipigwa risasi na kijana wa miaka 15, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Alimsamehe hadharani aliyempiga, na padre alifuatana naye hadi Ireland ya Kaskazini kuwahubiria Wakatoliki na Waprotestanti habari za msamaha. Baada ya 2001 McDonald alianzisha matembezi ya sala, Jumapili iliyo karibu na tarehe 11 Septemba. Watu huanza kwa Misa katika Kanisa la Mtakatifu Fransisko, huvuka barabara hadi kituo cha zimamoto kilicho mkabala, kisha huteremka mjini kwa miguu, njia ileile aliyopita padre asubuhi ile, wakisimama kwenye vituo vya zimamoto na polisi kuwaombea waliomo. McDonald alikuwa akitangulia katika kiti chake cha magurudumu, mashine ikimsaidia kupumua. Alifariki Januari 2017. Septemba ya mwaka huo walikusanyika kama kawaida, wakaimba, na wakatembea.